Msituombee Kazi Iongezeke

Mama, shikamoo.

Goti linaendeleaje na mvua hizi? Umepata wa kukuchotea maji, au bado unapanda mwenyewe yale mawe ya Ilemela kama msichana? Mimi mwili ni mzima, ila roho haina amani. Sikupiga simu kwa sababu huku tunaogopa zinasikilizwa. Barua hii anakuletea dada wa Buzuruga aliyemaliza mkataba.

Mama, Kija asije. Najua mdogo wangu ana pasipoti mkononi na ameshaanza kuaga. Mzuie, hata kwa kulia.

Tuliambiwa ni kiwanda cha vipuri. Kweli ni vipuri, lakini vya zile ndege zisizo na rubani zinazobeba mabomu. Mimi nakaza skrubu za mabawa. Sasa upande wa pili unatutafuta sisi tunaozitengeneza. King'ora kikilia tunakimbilia chini ya ardhi, tunabanana huko, kila mtu na dua yake. Naogopa, mama. Mtu akifunga mlango kwa nguvu tu, nashtuka.

Nilipokuwa kiwanda cha nyavu Nyakato, mbalamwezi ikikolea taa za wavuvi hazikuvuta dagaa, wakapumzika, nasi tukapata kupumua. Nilimuuliza msimamizi wetu wa hapa, huku tunapumzika lini? Akacheka: "Omba tusipumzike. Amani ikija, wote mnarudi kwenu."

Juzi televisheni ya kantini ilitangaza mazungumzo ya amani. Watu wakaweka vijiko chini kama wamepewa habari ya msiba. Mama mmoja ambaye mwanawe yuko vitani alilia, akihofia kukosa kazi. Mazungumzo yalipovunjika watu walipiga makofi, bosi akagawa keki. Nilidhani mataifa hupigana kwa kuwa yamegombana. Kumbe wapo wanaotaka ugomvi usiishe, na sisi wenye njaa zetu tunawasaidia.

Ile keki niliila, mama, na niliiona tamu. Hilo linanitisha kuliko king'ora.

Pasipoti yangu wameishika wao, lakini natafuta njia ya kurudi. Nisalimie mjomba anayefuga ng'ombe, na shangazi anayekaanga samaki pale stendi.

Jumuiya nayo uisalimu. Uliniambia wanakutana kwako kila Jumamosi kuomba kiwanda chetu kipate kazi nyingi, ili na Kija aitwe. Waambie waache. Wakijibiwa ombi hilo, mama, kuna mama mwingine anazika.

Mwanao,
Masanja