Nilivyoondolewa Langoni kwa Salamu

Kwa mamangu mpenzi, Bi. Mwanahamisi,
Magogoni, Kisauni.

Shikamoo, Mama. Nimeandika neno hilo kisha nikaiweka kalamu chini kidogo, upate nafasi ya kuitikia. Wewe mwenyewe ulisema hutaki tena habari zangu kwa simu, kwa kuwa simu hukatika kabla salamu hazijaisha, na mtu mzima hazungumzi na mwanawe kama anayefukuzwa. Basi hii hapa barua. Na wewe Saumu, dada yangu, msomee Mama polepole, usiruke mistari kama unavyoruka zamu yako ya kuosha vyombo.

Goti lako je, Mama? Ile dawa ya kuchua niliyoituma imesaidia, au bado umeiweka kabatini iwapendeze wageni? Mjomba Kassim bado auza vitunguu Kongowea, au mgongo umemkataza? Mimi ni mzima, alhamdulillahi. Nala, nalala, na mashavu yamejaa. Baridi ipo, siwezi kukuficha; asubuhi nikitoka nje masharubu yananiganda. Lakini kile kikoi ulichonitilia kwenye begi nakifunga kiunoni ndani ya suruali, na hapana mtu huku Italia ajuaye siri hiyo.

Najua mna dukuduku. Niliwaambia mtaniona kwenye televisheni, hamkuniona, na mlichokiona badala yake kimewaachia maswali. Nitayajibu yote, ila niacheni nianzie mwanzo.

Mkoa huu wa milimani ninakofanya kazi ya jikoni hotelini ulipata bahati ya kuwapokea wanamichezo wa dunia nzima, wale wa michezo ya theluji. Mama, usifikirie ni jambo la serikali kukata utepe na kwenda zake. Ni kama harusi ya mtaa wetu, huyu aleta sufuria, huyu aleta majamvi. Mkoa uliwaleta watoto wa shule kwa mabasi bila nauli, kila mtoto na kofia ya sufu na bendera. Wanamichezo wa huku uliwashika mkono tangu wadogo, ukawanunulia vifaa na kuwalipia walimu. Na sisi wa kujitolea tulipewa koti la buluu, buti, glavu, treni ya bure na supu ya moto. Nilipokwenda kuandikishwa nilikuwa na wasiwasi kwamba wataniuliza nimezaliwa wapi. Yule mama wa kiserikali aliyekaa mezani aliniuliza navaa kiatu namba ngapi, basi.

Nikapangiwa lango kuu. Hapo ndipo kamera za televisheni zilipokuwa zinapita kila saa, ndiyo maana nilimpigia Saumu nikiwa na furaha iliyopita kiasi. Kumbe Saumu akatangaza mtaa mzima, na Bi. Riziki, jirani yetu, akasema lile neno lake: "Vijana wakifika Ulaya husema watakalo. Nani atakwenda kuhakikisha?" Na wewe Mama, mbele ya watu, ukamjibu kuwa Athmani wako hasemi uongo, na siku ya mashindano waje wote waone kwa macho yao. Ukakanda unga wa mahamri na kupika mbaazi kwa ajili ya mtaa mzima. Saumu aliponieleza hayo nilifurahi na kuogopa kwa pamoja. Umenidhamini kwa majirani, Mama, na mwenye televisheni kubwa ni huyo huyo Bi. Riziki.

Sasa sikiliza lililonipata. Kazi ya langoni ilikuwa nyepesi. Mtu anakuja na tiketi, unaielekezea kidude, kinalia, anapita. Lakini mimi nimelelewa na wewe. Ulikuwa ukinituma chumvi dukani, nikirudi mbio waniuliza, "Bi. Riziki umemwamkia? Mzee Shee je, pale kibarazani?" Nikisema sikuwaona, wanirudisha na chumvi yangu mkononi. Basi mtu wa kwanza alipofika langoni nilimwuliza ameamkaje, safari ilikuwaje, nyumbani amewaacha wazima. Kitaliano nilikijua tangu nikifanya kazi hoteli za Malindi, kwa hiyo maneno hayakunipungukia. Mzee mmoja alinieleza habari za mkewe mpaka tukakaribia kulia sote wawili. Nikitazama nyuma yake, watu wamejaa hadi barabarani, wanapigapiga miguu chini kwa baridi. Nikajisemea, mwacha mila ni mtumwa, nikamkaribisha aliyefuata na kumuuliza hali ya watoto. Akasema hana. Nikamwombea apate.

Msimamizi wetu, mwalimu mstaafu aitwaye Ornella, alikuja akitembea upesi.

"Athmani, mbona lango limeziba? Kidude kimeharibika?"

"Kidude ni kizima. Nawapokea wageni."

"Watu hawa wanaganda, na wewe wawauliza habari za bibi zao!"

"Sasa Mwalimu, mtu atapitaje mlangoni kwangu nisimjulie hali?"

Alicheka, Mama, hakunikasirikia. Lakini alinishika bega akanipeleka nyuma ya uwanja, kwenye hema ambamo wanamichezo huota moto na kupumzika. "Kaa humu," akasema. "Humu watu wana nafasi ya kujibu." Humo kamera hairuhusiwi kuingia. Na simu zetu tulikuwa tumeziacha makabatini tulipoanza zamu, kwa hiyo sikuwa na njia ya kuwaambia msikae bure. Nilikoroga chai huku moyo wangu uko Magogoni, nikikuona umekaa mbele ya televisheni ya Bi. Riziki na ushungi wako mzuri, sahani ya mahamri inazunguka, na mimi sipo. Niliona haya, wallahi, kama kwamba nimekuvunjia chombo cha mtu ulichokiazima.

Ndipo akaingia Chiara. Ni msichana wa rika la Saumu, mzaliwa wa kijiji kilicho juu ya hoteli yetu, mmoja wa wale waliolelewa na mkoa. Kazi yake ni kuteremka mlimani kwa zile mbao mbili ndefu za miguuni, akipinda huku na huku kati ya vijiti. Mashindano yake huteremkwa mara mbili, asubuhi na alasiri, kisha muda wa zote mbili hujumlishwa. Asubuhi hiyo mguu mmoja ulimponyoka nusura aanguke, akafika chini karibu wa mwisho. Na kule jukwaani watoto wa mkoa mzima wamevaa kofia zenye jina lake. Alikaa kwenye benchi, akavua buti, akamwambia mwalimu wake kuwa alasiri hateremki. Mwalimu alimbembeleza, akachoka, akatoka nje.

Nikampelekea chai. Kusema kweli sikujua la kumwambia, nikasema nililolizoea.

"Umeamkaje?"

"Hukuona nilivyoteleza?"

"Nimeona. Lakini umeamkaje?"

Akanitazama. "Vizuri," akasema.

"Mama hajambo?"

"Hajambo. Yuko jukwaani."

"Na baba?"

"Wako pamoja."

"Na bibi, unaye?"

"Bibi hakuja. Ana ng'ombe aliyekaribia kuzaa, amekataa kumwacha. Atanitazama kwenye televisheni."

"Na huyo ng'ombe, hajambo?"

Mama, yule mtoto alicheka hadi chai ikamwagika, na machozi yakaja na kicheko. Akasema tangu afike hapo kila mtu anamuuliza habari ya goti lake lililowahi kuumia na muda wake, hapana hata mmoja aliyemuuliza habari za ng'ombe. Akanisimulia jinsi bibi yake alivyomfunza kuteleza nyuma ya zizi, kwa mbao za pipa lililovunjika, kabla mkoa haujamjua. Nilimwacha aseme. Alipomaliza akaniuliza, "Na wako? Hawajambo?"

Nikamwambia ukweli. Nikamwambia mamangu amekaa sasa hivi mbele ya televisheni ya jirani, na mtaa mzima umekuja kuniona, na hawatoniona kwa kuwa nimeondolewa langoni kwa kusalimu watu. Nikamweleza na mahamri, na neno la Bi. Riziki.

"Kwa salamu?" akauliza. "Wamekuondoa kwa salamu?"

"Kwa salamu."

Akacheka tena, kisha akainama akaanza kuvaa buti. Alipomaliza kufunga akaniuliza, "Mamako angekuona langoni, ungemwambiaje?"

"Ningemwamkia. Shikamoo."

Akalirudia lile neno polepole, kama mtu anayeonja kitu cha moto. "Na watu humwitaje?"

"Mama Athmani."

"Na atajibu?"

"Atajibu marahaba. Shikamoo haiachwi bila kuitikiwa," nikamwambia.

Akatoka. Nilimfuata hadi mlango wa hema, na kutoka pale niliona kipande cha chini cha mlima. Aliposhuka, Mama, sikumtambua kuwa ndiye yule wa kwenye benchi. Alikuja amejikunja, anapinda na kugeuka kati ya vijiti, theluji yaruka nyuma yake, na wale watoto wakapiga kelele nikahisi ardhi inatikisika. Na mimi nilipiga kelele kwa Kiswahili, hata maneno yenyewe siyakumbuki. Medali hakupata. Lakini kutoka mkiani alipanda hadi kwenye kumi bora, na kwa alasiri hiyo peke yake ni wachache mno waliompita. Mamake alikuwa analia, na Ornella naye analia, na mimi sikubaki nyuma.

Yaliyofuata mliyaona nyinyi kabla yangu. Kamera ikamsogelea, akavua miwani, akaweka mkono kifuani akasema, "Shikamoo, Mama Athmani!"

Nilipotoka zamu na kuichukua simu yangu, nilikuta sauti ya Saumu inacheka hata haisikiki vizuri. Kanieleza yote. Kwamba mlikuwa mmekaa tangu asubuhi hamnioni, na Bi. Riziki alishaanza kukuambia kwa upole usijali, watoto wa siku hizi ndivyo walivyo. Kwamba ulikuwa umejifunika ushungi wala huli. Kisha yule msichana mgeni akakutaja kwa jina lako, na wewe ukainuka kitini, goti na yote, ukaitikia kwa sauti ya kusikika hadi kwa Mzee Shee: "Marahaba, mwanangu! Marahaba! Mamako hajambo? Babako je?" Televisheni ikaonyesha mwingine, ukawaka: "Mtoto wa watu hatujamalizana naye! Mrudisheni!" Na kwamba Bi. Riziki aliweka kikombe chini akasema, "Wallahi, Mwanahamisi, amekutaja wewe," kisha akala mahamri sita. Nimeisikiliza sauti hiyo kila siku tangu hapo. Nikichoka jikoni naisikiliza tena.

Sikurudishwa langoni, Mama, na sikuomba. Nilibaki hemani hadi michezo ilipokwisha. Ornella naye siku hizi tukikutana dukani huniuliza nimeamkaje, kisha husimama angoje jibu.

Juzi Chiara alikuja hotelini kunitafuta. Swali lake la kwanza lilikuwa kama uliitikia. Nikampa simu akasikiliza ile sauti ya Saumu, asielewe hata neno, nami nikamfasiria. Akanipa habari za ng'ombe: amezaa ndama jike siku ile ile, Bibi akiwa na jicho moja zizini na jicho moja kwenye televisheni. Bibi alipoelezwa mjukuu wake alisema nini, na mtu hujibiwa vipi, amempa ndama jina la Marahaba. Usikasirike, Mama, huku ng'ombe ni mtu wa nyumbani. Kila asubuhi mwanamke mzima wa milimani aingia zizini asema, "Shikamoo," kisha ajiitikia mwenyewe kwa kumwita ndama.

Nisalimie Mjomba Kassim, umwambie apunguze kubeba magunia, hamali wapo na mikokoteni yao wanatafuta kazi. Nisalimie Mzee Shee na mkewe, na ustadhi aliyenifunza kusoma. Bi. Riziki msalimie mara mbili, na umwambie koti la buluu ninalo, picha nimeitia ndani ya bahasha, aitazame kwa nafasi yake. Saumu nimemtilia glavu, najua hana pa kuzivaa, azivalie kuoshea vyombo.

Limebaki jambo moja tu, Mama, na hili nakwambia kwa adabu. Nimemuuliza Chiara umri wa bibi yake. Amekuzidi kwa mbali, ni mkubwa wa kukuzaa. Na mjukuu wake ameshakuamkia mbele ya dunia nzima, bibi mwenyewe hujamwamkia. Umenirudisha mimi mara nyingi na chumvi mkononi; leo nakurudisha wewe. Andika hiyo shikamoo yako kwa mkono wako, nitaipandisha mlimani mimi mwenyewe hadi zizini. Marahaba yuko tayari anangoja.

Ni mimi mwanao akupendaye,
Athmani