Joto Langu na Joto la Sakafu

Jumatatu, 12 Novemba 2018

Muuguzi wa kliniki kaeleza, nami nikatikisa kichwa kana kwamba nimeelewa. Yai likikaribia kutoka, ute wa ukeni huwa mwembamba, unavutika kama ute wa yai bichi. Wengine huumwa kinena upande mmoja. Matiti hujaa. Halafu joto la mwili hupanda kidogo — lakini likipanda, yai limeshatoka! Sasa hiyo ni ishara gani, inayokuja mgeni akishaondoka? Nipime kila alfajiri, chini ya ulimi mpaka kipimo kilie, kabla sijainuka kitandani. Kitandani! Sisi tunalala chini.

Mume wangu Gi-taek anachomelea meli kule Geoje, kusini mwa Korea. Ijumaa ya wiki ijayo wanampeleka Katari, mwaka mzima. Kapewa ruhusa moja tu ya kuja nyumbani, achague siku. Yaani mimi nichague. Akirudi nitakuwa nimetimiza arobaini.

Jumatano, 14 Novemba

Joto chini. Ute hakuna.

Mama mkwe kapata habari za kliniki, sijui kwa nani. Kanishika nyayo. Mtoto, mbona baridi hivi? Tumbo lililopoa halishiki kitu. Kanipikia supu ya mwani, kasimama juu yangu mpaka nikamaliza bakuli.

Alhamisi, 15 Novemba

Joto limeruka. Niliamka natoka jasho, na nje kuna barafu.

Nilimpigia Gi-taek palepale. Njoo leo. Akauliza, una uhakika? Nikamwambia kipimo hakidanganyi. Baada ya kukata simu nikaenda kujichunguza: ute hakuna. Wala siumwi popote. Kama yai limetoka, limetokaje kimyakimya hivyo? Lakini nimeshamwita.

Jumapili, 18 Novemba

Ameondoka na basi la asubuhi. Ruhusa imekwisha.

Tulipokuwa tunakula alilalamika: mama, sakafu ya chumba chetu inaunguza, nimeiva kama kiazi kitamu. Mama mkwe akacheka, akajisifu. Tangu siku ile aliponishika nyayo anaamka kabla ya kucha, anatembea kwa ncha za vidole, anapandisha swichi ya mabomba ya maji moto yaliyo chini ya sakafu yetu. Ili tumbo la huyu mkwe wangu lipate moto, alisema.

Kijiko kilinidondoka. Siku zote hizi nilikuwa najivunia joto la sakafu.

Nilitaka kupiga kelele. Lakini yule mama ana miaka sabini na mbili na magoti mabovu, na alikuwa anaamka kwa ajili yangu. Nikala wali wangu.

Jumatatu, 19 Novemba

Nimelala swichi ikiwa imezimwa. Joto chini kabisa. Kumbe yai lilikuwa halijatoka. Basi.

Jumanne, 20 Novemba

Siku ya kutia kabichi pilipili na kuzichachusha, ziliwe msimu wote wa baridi. Ua mzima kabichi. Nilikuwa nimechuchumaa naosha, mara kinena cha kushoto kikanichoma. Nikakaa juu ya ndoo. Jirani yetu, shangazi Pil-rye, kacheka: umewabugia chaza wabichi wa kutia kwenye kabichi wewe, nimekuona! Kweli nilikula, tena wengi. Kwa hiyo ni chaza au ni yai?

Nilikwenda chooni. Ute! Mwangavu wa kuona upande wa pili, unavutika kati ya vidole, haukatiki. Nililia humo ndani. Gi-taek yuko mbali na ruhusa nimeitumia kwa sakafu.

Nilimpigia muuguzi. Akaniambia: weka chupa ya maji moto, jilaze, vaa nguo isiyobana. Dawa ya maumivu usinywe kabla hujaniuliza, maana unatafuta mtoto. Ukipata homa, au yakizidi, njoo haraka. Nikamuuliza kuhusu chaza. Akasema chaza hawaleti ute.

Mama mkwe ndiye aliyenifunga chupa tumboni kwa skafu yake. Nikamweleza yote, kipimo na sakafu. Alirudi kwenye kabichi, nikamsikia anamkaripia shangazi bila sababu.

Jumatano, 21 Novemba

Niko kwenye basi la kusini.

Mama mkwe kaniamsha mwenyewe, nguo zangu zimeshafungwa. Kama mumeo haruhusiwi kuja, wewe una miguu. Nikasema, Mama, bweni lao haliingii mwanamke. Akasema, kwani mji mzima ni bweni? Kanipakatisha ndoo ya kabichi mpya. Sasa basi zima linanuka vitunguu saumu, na bwana wa mbele yangu kageuka mara ya pili.

Gi-taek anatafuta chumba cha wageni. Anatoka kazini jioni. Kauliza tena, una uhakika? Safari hii nilisema sina. Kasema njoo tu.

Tumepita mji wa Daegu. Kinena kimeacha kuuma. Ghafla, kama taa iliyozimwa. Muuguzi alisema maumivu hupita yenyewe, lakini mimi sijui kama yamepita yenyewe au yai limepita nayo. Jana niliomba yaniache. Leo naomba yarudi, hata kidogo.

Nimetoa kipimo. Nimepima nikiwa nimekaa, nikajifunika shali. Joto limepanda.

Chupa ya maji moto niliyofungwa tumboni nimeiondoa, iko ndani ya mfuko. Nikapima tena. Limepanda. Halafu nikaweka mkono chini ya kiti — moto! Dereva kawasha joto la viti.

Sasa nimesimama, nisiguse kiti. Naandikia juu ya mgongo wa kiti cha yule bwana, ndoo katikati ya miguu, kipimo mdomoni. Anauliza kama naumwa. Siwezi kumjibu. Bado hakijalia.