Mbegu Zenye Mukwe Hakukamata

Bel-Air, Lubumbashi

Kwa yaya wangu mupendwa, dada yangu mukubwa Chomba, kule Kasenga,

Nakusalimia sana, weye na batoto na bajukuu, na ile goti yako yenye inakusumbuaka wakati ya mvua. Natumaini dawa ya kupakaa yenye nilikutumia ilifika, haikumwangika ndani ya lori. Sisi huku tuko. Siwezi kusema tuko bazuri kabisa, lakini tuko, tunakula, na paa haivuji tena. Nakuandikia kwa mukono, hata kama unajua mwandiko yangu ni ya mutu wa sixième primaire, darasa ya sita, juu vocal, ile ujumbe ya sauti ya telefone, nyumba nzima inaisikia, na hii habari nataka isikiwe na weye peke yako. Sylvain wa lori ya samaki ndiye atakuletea. Mupatie hata maji ya kunywa, ni mutoto wa heshima.

Yaya, nimechoka. Naisema sasa hivi ili nisikusumbue nayo kila mustari. Tangu ugonjwa ilimupiga Godefroid wangu upande ya kuume, mukono yake iko pale kama ya mutu mwingine, na mudomo inatoa maneno nusu-nusu. Namuosha, namuvalisha, namulisha. Hiyo haikuwa shida, ni bwana yangu, mwanaume mwenye aliendesha lori kubwa mpaka mupaka na hakuigonganisha hata siku moja, muulize mutu yeyote hapa. Shida ni kwamba alikataa kutoka chumba. Alikuwa anakula akiangalia ukuta. Bageni bakija, ananifanyia alama nibaambie analala. Batoto bakaanza kupita mbele ya mulango polepole, kama tuko na maiti ndani.

Kijana mwenye anakuja kumunyoosha mukono, kiné, jina yake Mukuka, akaniambia mukono inataka kazi na mutu anataka bantu. Akasema nitafute muchezo ya kucheza na familia nzima kila siku, kitu chenye kitamufanya anyooshe mukono bila kujua ananyoosha. Na kama hatoki chumba kabla mvua iishe, akasema, basi atazoea, na mutu mwenye amezoea kulala haamukake tena. Hiyo neno ya mwisho haikuniacha, yaya, hata nikikoroga bukari nilikuwa naisikia.

Basi nikatafuta. Unanijua miye nikishika kitu. Ya kwanza ilikuwa scrabble, Elisée ndiye aliileta. Ni yule mutoto wangu wa licence ya université, wa kwanza kuipata katika avenue yetu, si kujisifu, bamama bote ba hapa banajua. Lakini scrabble ni muchezo ya kifransé. Elisée anaweka maneno marefu-marefu, na dada yake Bénie anamusuta kwamba anayatunga, na baba yao anabaki na herufi zake mbele kama mutoto mwenye bamemurudisha darasa. Nikaifunga. Nikaleta ludo. Ludo ni nzuri, hata mutoto anaijua, lakini tule tuvipande ni tudogo, mukono ya Godefroid inatuangusha, na kila mara ye akiangusha sisi bote tunainama chini ya meza kutafuta. Akaona tunainama. Karata nayo, mutu anataka mikono mibili: moja ya kuficha, moja ya kutupa. Yeye alikuwa anaziweka wazi juu ya meza na sisi tunajifanya hatuoni.

Sasa bamama ba jirani banakuja kuniuliza wanunulie batoto muchezo gani, na miye nabafundisha kama professeur. Nabaambia wasiangalie boîte nzuri. Waangalie mutu mudogo na mutu mugonjwa ba nyumba, kama hao babili banaweza kucheza bila kuonewa huruma, muchezo ni nzuri. Waangalie tena kama inaisha mbele ya byakula kupoa. Mama Huguette, yule wa parcelle ya pili, ameyaandika.

Mwisho nikakumbuka kisolo, ile bao ya mashimo na mbegu ya bazee betu. Fundi mumoja wa mbao kule Naviundu akanichongea moja kubwa, mashimo ya mukono nzima kuingia, na mbegu kubwa za kushika. Nilipoiweka ndani ya salon, yaya, nilisikia kiti ya chumba inasogea. Godefroid akatoka peke yake, akishika ukuta, akaja kuigusa. Kumbe alipokuwa kijana alikuwa bingwa, na ile haikumutoka kichwani.

Lakini nani wa kucheza naye? Elisée na licence yake hakujua hata mbegu zinapandwa upande gani. Mwenye alijua ni Bwalya peke yake, bwana ya Bénie wetu, mwenye alihamia ndani ya annexe yetu tangu ndoa. Na Godefroid, juu mukono yake haifunguki vizuri, alitaka mutu wa kumushikia kiwiko. Akakataa bote, akanikubali miye. Hapo unaona shida imekuja wapi. Miye mama mukwe, na mukwe mbele yangu uso kwa uso, na weye haujamuingisha bado, haujasimamia ile chakula ya desturi yetu yenye inamuruhusu mukwe kuniangalia na kunikaribia, tunakungojea tangu harusi.

Tukajipanga. Bwalya akaikala upande, akiangalia dirisha, anageuza kichwa kidogo tu wakati ya kucheza. Miye nikajifunika kitambaa mpaka macho. Siku moja Bénie akarudi mapema kutoka soko, akicheka akatuambia tunafanana na bantu babili benye banagombania kiti ndani ya kanisa. Na Godefroid akashinda. Akashinda tena. Kila magaribi anashinda, anatabasamu na ile nusu ya uso yenye inatabasamu. Nikatangaza avenue nzima kwamba bwana yangu, hata mugonjwa, hakuna mwenye anamuweza.

Yaya, miye sikujua kisolo. Ndani ya kisolo, kama mbegu yako ya mwisho imeangukia pazuri, unapitisha mukono upande ya mwenzako, unakamata mbegu zake. Na mbegu za Godefroid zilikuwa chini ya kidevu changu. Bwalya hakuweza kupitisha mukono yake pale, na kunituma miye nimupatie, hiyo mbaya zaidi, mukwe kumutuma mama mukwe. Bénie angemukamatia, lakini hiyo saa iko sokoni anauza vitambaa, pagne zake, na Elisée hajarudi bado. Basi mutoto wa bantu, kwa heshima, akawa anahesabu kwa macho, anaona pa kukamata, na anacheza shimo ingine.

Godefroid akakuja kuona. Mwanzo hakugombana. Aliangalia macho ya Bwalya yakienda pa kweli na mukono yake ikienda pa uongo. Akasukuma kisolo, mbegu zikaenda mpaka chini ya buffet, kabati ya sahani. Maneno yalitoka kwa vipande, lakini nilielewa: anasema tumemufanya mutoto mudogo, mwenye banamuachilia ashinde ili asilie. Akarudi chumba. Bwalya akabaki pale, hana hata ruhusa ya kunieleza kwa mudomo yake kwamba haikuwa huruma. Alimuambia Bénie, Bénie akaniambia miye. Nikaenda kumueleza Godefroid. Akageukia ukuta. Akaanza tena kukataa chakula, na mvua ilikuwa inaelekea kuisha.

Sasa yaya, ikala chini.

Nimemuingisha mukwe. Najua weye ndiye nachimbusa wa familia, weye ndiye uliwafundisha batoto betu bote mambo ya ndoa, na ulisema mutu asiguse hii kazi mbele ufike. Nilingoja barabara ikauke, nilingoja goti yako ipone. Halafu nikamuona bwana yangu anakonda, nikasema hapana. Nilipika kuku, nilipika samaki, sombe ya majani ya mihogo, fishimu, bale baviwavi ba pori, na bukari nyeupe. Nikamuita mama Huguette, ni mutu wa Sakania, anajua desturi yetu, na akaikala pahali pako. Nilifunua sahani moja moja mbele ya Bwalya nikimuambia hii kuanzia leo utaikula kwangu. Akanawa mikono ndani ya bassin yenye nilinawia. Tukapeana mukono. Godefroid alikuwa pale, nilimubembeleza atoke, akaona yote.

Kesho yake nikawaita bote kwa kisolo. Nilivua kitambaa. Bwalya akaikala mbele yangu sawasawa, akahesabu, akapitisha mukono chini ya kidevu changu, akafagia mustari nzima ya muzee. Hakumuachia hata kitu. Godefroid aliangalia yale mashimo matupu. Halafu akasema: Mwizi. Alisema yote, yaya, kuanzia mwanzo mpaka mwisho, neno nzima, na Elisée aliacha telefone yake kuanguka. Bwalya akamujibu kwamba baba, mwizi anakimbiaka, miye niko hapa. Na Godefroid akasukuma mukono yangu pembeni, akatia ile yake mbaya ndani ya shimo, peke yake. Nusu ya mbegu zilianguka. Hakuna mwenye aliinama, juu yeye mwenyewe alikuwa ameshaanza kuziokota.

Miye nikatoka. Nilienda kuikala ku kiti ya jikoni, mikono juu ya magoti, na sikujua niifanyie nini. Nilisikia banabishana ndani. Alikuwa anashindwa na alikuwa anataka ingine.

Kama kuna amende ya kulipa, sema, nitaleta. Ukitaka kunikasirikia, kasirika, uko na haki, nilikamata kiti chako. Lakini kumutoa mukwe sasa siwezi.

Salimia batoto bote, na bakubwa ba kule mutoni benye bananikumbuka. Elisée anakupigia magoti, Bénie anakutumia pagne ndani ya hii kifurushi, ni ya kweli, usimupatie mutu. Godefroid anakusalimia, na hiyo amesema mwenyewe. Bwalya pia anakusalimia kwa heshima yote. Anasema ukifika na ukitaka kumuingisha mara ya pili, yeye hatakataa kula.

Ni miye mudogo wako,
Marie-Thérèse