Sanda ya Nne ya Dada Zeinabu

Mjukuu wangu Rukia,

Nakusalimu kutoka Kibokoni, barazani kwa dada yangu Zeinabu, ambapo mvua imetuzuia tangu asubuhi na mahamri yamekwisha.

Nilimweleza kazi yako ya maabara, kwamba huenda siku moja sayansi ikapata dawa ya kuwazuia watu wasizeeke. Alicheka hadi kahawa ikamwagika. "Basi mwambie aanze na haya magoti yangu!" Kisha akaingia ndani, akarudi na kitambaa cheupe cha bafta kinachonukia udi.

"Hini ni sanda yangu ya nne," akasema. "Kila nikijiwekea, mwenzangu hunitangulia naye hana. Ya kwanza alizikwa nayo jirani, ya pili mume wangu, ya tatu mwanangu Omari. Nikinywa dawa hiyo, nitanunua bafta mpaka lini?"

Nikamwambia dawa ingekuwa ya watu wote, hakuna ambaye angetangulia.

"Na Omari je?" akauliza.

Nikakohoa, kikohozi kile kile unachokijua. Akanitazama kwa muda, mimi mdogo wake niliyerudi na mvi baada ya miaka mingi ya ugenini. Akaniwekea kitambaa begani, akakinyoosha hadi miguuni.

"Wewe u mrefu," akasema taratibu. "Itabidi niongeze."

Endelea na utafiti wako, mwanangu, nami nakuombea. Ila ukija kumwona bibi yako Zeinabu, mletee zawadi yoyote isiyokuwa nguo nyeupe.

Mungu akuweke,
Babu yako