Nimemdanganya Mama Kwamba Barabara ya Mlimani Imefungwa

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako na naomba uharakishe, maana leo ni Jumamosi na Alhamisi asubuhi mama yangu anaondoka bila kuniaga, na mimi ndiye niliyemfikisha hapo.

Mimi ni mtunza stoo wa hospitali, huu mwaka wa kumi na tisa, na kwetu hata boksi la glovu halitoki bila kukaguliwa na kuandikwa na kukaguliwa tena, sasa tabia hiyo nimekuja nayo mpaka nyumbani. Mama ninaishi naye. Ana presha ya macho, jicho la kulia limeshazima, na hili la kushoto daktari alisema alitumie vizuri mwaka huu, hakusema zaidi na mimi sikuuliza. Siku ileile Mama akasema anataka kupanda tena kule mlimani, kwenye kimji cha mapumziko ambako usichanani mwake alikuwa akifua mashuka ya nyumba ya wageni, asimame barazani ayaone mawingu yakiwa chini yake, hilo tu, basi. Nikamwambia tutakwenda, Mama, ngoja nipange.

Nimepanga tangu Februari, mshauri, nina daftari zima, nimeandika sweta, dawa ya matone na chupa ya akiba, umbali wa zahanati, mpaka ngazi za barazani (ni kumi na moja, nilimpigia simu mwenye nyumba ya wageni akaenda kuzihesabu), vitu sitini na tatu kwa jumla, na kila nikimaliza naanza kukagua upya, nakaa nasimama, kazini nimefikia kupeleka pamba kwa wodi iliyoomba sindano. Mara mbili Mama alifunga begi lake, na mara mbili nikamwambia mvua imekata barabara, imefungwa. Haikufungwa. Nilimdanganya mama yangu mzazi huku nimemshika mkono.

Juzi lori linaloleta viazi duka la jirani kutoka hukohuko mlimani lilikuwa limesimama, nami niko nyuma ya geti, nikamsikia Mama anamuuliza dereva, "Mwanangu, hivi barabara yenu imefunguliwa lini?"

"Mama, mwaka huu haijafungwa hata siku moja. Mimi napanda kila Alhamisi."

Mama akasema, "Basi Alhamisi ijayo nipitie." Akaingia ndani, akaniambia chai iko kwenye chupa, na tangu siku hiyo hajaitaja safari. Begi liko chini ya kitanda, nimelichungulia, ana sweta moja na viatu vya raba.

Nimzuie dereva? Nifiche begi? Au niseme ukweli? Usitaje jina wala mtaa, maana Mama husikiliza redio kutwa na kipindi chako hakimpiti.

Mwenye Daftari

*

Mwenye Daftari, barua yako nimeipitisha mbele ya foleni. Wenye barua za ndoa mnivumilie, ndoa zenu zitakuwepo wiki ijayo.

Pole sana, na papo hapo natamani kukufinya sikio. Umehesabu ngazi za baraza ambayo hujawahi kuikanyaga, lakini nimeisoma barua yako mara tatu nikitafuta tarehe ya safari, haimo. Mtu wa vitu sitini na tatu hasahau tarehe hivihivi. Wewe huogopi barabara, unaogopa siku ya kurudi. Umejiambia kwamba maadamu Mama hajayaona yale mawingu, jicho litamsubiri. Nakuelewa, dada yangu, na imeniuma kuisoma. Ila jicho la mama yako si mali ya stoo. Ukilifungia halikai zaidi, na miezi hii umempunguzia wewe.

Begi usiliguse. Dereva usimzuie, mpigie leo hii umuulize kama mbele kuna nafasi ya watu wawili. Ukiingia kazini omba ruhusa, msaidizi atazitoa hizo pamba. Daftari liache mezani. Chukua matone, ile chupa ya akiba na sweta yako, na kabla lori halijafika mwambie, "Mama, nilikudanganya, niliogopa." Usiongeze maelezo, barabara ameshaelezwa na dereva.

Jina sikulitaja, wala mtaa. Lakini wewe mwenyewe umesema kipindi hiki hakimpiti Mama, halafu ukaniandikia mimi, licha ya washauri wote waliojaa mjini. Nadhani ulitaka asikie.

Basi shikamoo, Mama. Huyo aliye chumba cha pili anajifanya anakunja nguo ni mwanao. Alhamisi mpe nafasi akae katikati. Dirishani kaa wewe.