Simu Iliyosubiriwa na Wawili

Singida mjini
Jumatano, 11 Agosti 1999

Dada yangu Mosi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kile kikohozi cha vumbi la malori hapo Shelui kimekuachia. Sisi huku hatujambo. Mama Sultani anakusalimu. Mimi naendelea kunenepa, ila upande wa mbele tu.

Barua yako Filipo wa lori amenikabidhi mkononi, kisha akabaki amesimama aone uso wangu ninavyosoma. Nadhani ulimsomea kwanza.

Umeandika kwamba Jumamosi mlisimama kwenye kibanda cha simu, wewe, mshenga na wazee wa upande wa kijana, mkapiga ofisini kwangu tangu asubuhi, na kila mara simu inaonekana inatumika. Mwisho wazee wakaaga kwa adabu ile inayouma kuliko matusi. Unasema niliondoa mkono wa simu makusudi, maana tangu shemeji afariki mwanao Anifa hanihusu tena, na nilijua kwetu posa haipokelewi mpaka mjomba atamke. Dada, hapo umenichoma. Hata jina la mposaji sijaambiwa, nimkatae nani?

Sasa nisikilize, na usisinzie. Tangu kiwanda chetu cha kukamua alizeti kiuzwe kwa watu binafsi, nimepewa ofisi yenye kompyuta na simu moja. Mimi ni mkubwa wa ofisi, maana yake nafuta vumbi. Anayeijua kompyuta ni Mselemu, kijana mpole mwenye shati moja zuri. Anatengeneza programu ya kupokea kwa njia ya simu uzito wa alizeti kutoka tawi letu la Kiomboi.

Kila akibadilisha kitu, anaiachia kompyuta hatua alizoziandika mwenyewe: iijenge programu upya, ishike laini ya simu, ijaribu kupokea kutoka Kiomboi, mwisho iachie laini. Ila chombo kinachoendesha hatua hizo kina tabia yake. Moja ikishindwa, kinasimama hapohapo, na zilizobaki hakizigusi. Ni kama mpishi ambaye ugali ukimharibikia anatoka zake, moto ameuacha unawaka. Jumamosi asubuhi kompyuta ilianza hatua alizoiachia Ijumaa, umeme ukakatika Kiomboi, jaribio likashindwa, na ile hatua ya kuachia laini haikufikiwa. Laini ikashikwa kutwa nzima.

Utaniuliza kwa nini sikuinua mkono wa simu nisikilize. Dada, niliogopa kuuinua nisije nikakuzibia njia! Nilikaa nao uso kwa uso kama ninayemlinda mwali. Na Mselemu, ambaye Jumamosi si zamu yake, naye alikuja akakaa, macho hapohapo. Nikamtania kwamba akiipenda sana simu ile nitampa amwoe. Hakucheka. Jioni aliondoka mabega yameanguka, na tangu siku hiyo chai ya ofisini hanywi.

Leo nilipomaliza barua yako nikalalamika kwa sauti, nani amenizibia simu yangu Jumamosi. Mselemu akafungua kompyuta, akasoma. Kisha akanieleza haya niliyokueleza. Akaongeza hatua ya kuachia laini mahali ambapo lazima ifanyike, jaribio lifaulu au lishindwe. Nikamwambia alivuruge jaribio makusudi mbele yangu. Likashindwa vizuri kabisa, nikainua mkono wa simu, laini ikanguruma sikioni.

Nikadhani yameisha. Kumbe alikuwa bado amesimama, anakunjakunja pindo la lile shati. Akaniambia kwamba wale wazee waliokuwa nawe kibandani ni baba yake na baba yake mdogo. Mposaji ni yeye. Simu ilipokosa kulia, aliamini ninyi mmebadili mawazo. Akaniamkia shikamoo mara ya pili kwa siku, safari hii akiniita mjomba.

Dada, nilicheka mpaka Filipo akachungulia dirishani. Mkweo amejizibia posa kwa mkono wake mwenyewe!

Warudishe wazee Jumamosi, uwaombe radhi kwa niaba yangu, mpige tena. Mselemu nimemkataza kuigusa kompyuta siku hiyo, ingawa anaapa imepona. Neno langu ni ndiyo, ila wasiambiwe mapema. Nataka nilitamke mwenyewe, wao wakisikia.

Mbusu Anifa, umwambie mjomba wake yuko palepale karibu na simu.

Ni mimi mdogo wako,
Idrissa