Manivela ya Muzee

Jumatatu, 6 mwezi wa kumi

Nimefika kazini Mabanga saa kumi na mbili na nusu. Mashini ya kusaga tayari inanguruma, kama kila siku. Baba yangu amekalia bidoni lake, dumu la plastiki, manivela juu ya magoti. Ule mkono wa chuma wa kuwashia mashini anaubeba kama mutoto. Jioni anarudi nao nyumbani, unalala chini ya kitanda chake. Jumapili unaenda misa ndani ya mfuko. Miaka kumi na mbili nasaga muhogo wa watu hapa, sijaruhusiwa kuugusa hata kuufuta vumbi. Amenichosha huyu muzee.

Jumanne, 7

Nimemwomba tena anifundishe kuwasha mashini. "Kahindo, weye uko na haraka. Itakuvunja." Basi. Akageukia redio yake.

Bega lake la kuume linamuuma. Nimemwona akivaa shati, akiuma meno. Anasema si kitu. Muongo! Ninachotaka ni kimoja tu: aniachie manivela kabla haijamuumiza. Lakini bila aibu. Walipomwambia hawezi tena kuendesha lori la kwenda Butembo, alijifungia nyumbani mwaka mzima. Mashini hii ndiyo iliyomtoa. Akijifungia tena, sidhani atatoka.

Alhamisi, 9

Nimefanya ujinga.

Mazutu, mafuta ya mashini, iliisha saa nne, mashini ikazima. Foleni ilikuwa ndefu mpaka kwenye ukuta wa mawe ya volkano. Muzee akajaza mazutu, akashika manivela. Mara ya kwanza, hapana. Ya pili, hapana. Mdomo wangu huu: "Papa, acha! Umezeeka!" Mbele ya wamama wote.

Akaniangalia. Akarudi kuzungusha kwa hasira, kidole gumba kimekumbatia chuma, jambo alilokataza watu maisha yake yote. Gumba linakaa upande mmoja na vidole vingine, ili mashini ikirudisha teke mkono uachie. Hakuachia. Ikapiga teke. Nilisikia mfupa.

Mungu wangu, nimemvunja baba.

Ijumaa, 10

Plasta mpaka kwenye kiwiko. Mashini imefungwa. Wateja wamepeleka muhogo wao kwingine. Nimempelekea chai, amegeukia ukuta. Nimeiacha pale. Jioni nimeikuta imejaa vilevile.

Jumapili, 12

Hakwenda misa. Manivela nayo imebaki chini ya kitanda.

Najichukia.

Jumatatu, 13

Mama Furaha amekuja kumpa pole. Huyu anauza sambaza, wale samaki wadogo, soko la Kituku, na muhogo wake anauleta kwetu alfajiri kabla hajashuka ziwani. Muzee alimwitikia kidogo, zaidi ya anavyoniitikia mimi.

Wakati wa kumsindikiza nilimuuliza: kwani asubuhi muzee alikuwa anawezaje? Akasimama. Akaniambia kwamba tangu kabla ya Pasaka, muzee anazungusha mara nne, mara tano. Anapumzika, anashika bega, anarudi. Ndiyo sababu anafika mapema, kabla yangu. Na wale wamama watatu wa alfajiri, akianza tu, wanampa mgongo. Wanaangalia barabara. Wanaongea habari zao mpaka mashini iwake. Halafu wanageuka na kumsalimia kama watu waliofika sasa hivi. Hakuna aliyewaambia wafanye hivyo. Hawajawahi hata kulizungumza wenyewe kwa wenyewe.

"Weye ndiye wa kwanza kumuangalia," akasema. Hakusema kwa ubaya.

Nililia pale barabarani, pikipiki zikinipigia honi.

Jumatano, 15

Sikumwambia muzee ninachojua. Nilikaa sakafuni karibu na kitanda. "Papa, nisamehe. Na haraka yangu imekwisha."

Nikadhani amelala.

Halafu: "Itoe chini huko."

Nikaivuta. Nzito kuliko nilivyodhani, na pale anapoishika imekuwa laini kabisa. Kwa mkono wake wa kushoto akanipanga vidole, kimoja kimoja. Gumba akalirudisha upande wa wenzake. Nikakosea, akalirudisha. Nikakosea tena, akanipiga kofi dogo mkononi. "Kichwa ngumu." Ni neno la kwanza zuri wiki hii.

Chai ameinywa.

Ijumaa, 17

Tumetoka nyumbani pamoja, giza bado. Mama Furaha alikuwa ameshafika, na wenzake wawili. Muzee akakalia bidoni lake.

Nikazungusha. Hapana. Ya pili, hapana. Bega linawaka moto. Aibu ikanishika, nikainua kichwa nione ni nani anayenicheka.

Wote wamenipa mgongo. Wanaongea habari ya bei ya mafuta ya mawese. Muzee naye amesimama, anaangalia barabara. Mkono wake wa kushoto ameuweka nyuma, umekunjwa kidogo, na gumba limelala upande mmoja na vidole vingine.

Nikaangalia gumba langu. Nikalirudisha.

Ya tatu, hapana. Ya nne ikawaka.

Wakageuka. Mama Furaha akaniuliza nimeamkaje, kama mutu aliyefika sasa hivi. Wenzake vilevile. Halafu muzee: "Kahindo, jambo. Umefika?" Mimi niliyemfunga viatu asubuhi hii.

"Jambo, Papa. Nimefika."

Nikafungua gunia la kwanza.